Rangi ya Plagi ya Jipe

Kijiwe chenyewe kilikuwa mbele ya duka la kushonea la Mashaka bin Athumani, kwenye njia ya kuteremkia stesheni ya Moshi, na benchi lake lilikuwa taruma la reli lililostaafu mwaka mmoja na Khamisi Mwinjuma. Khamisi alikuwa gadi wa treni ya Tanga kwa miaka ishirini na miwili, na ingawa sasa hakuwa na treni, kofia alibaki nayo, na jina la Gadi alibaki nalo. Mashaka aliitwa Futi, kwa sababu ya ule utepe wa kupimia uliokuwa shingoni mwake kutwa, na kwa sababu hapakuwa na jambo ambalo hakudhani linapimika. Mzee Eliufoo Nkya, mzee wa kanisa kutoka Masama, hakuwa na jina la utani. Hakupatikana mwenye ujasiri wa kumpa. Bi Adija aliwauzia kahawa kutoka kwenye dele lake la shaba. Na kwenye ncha ya benchi, mahali penye msumari, alikaa Mikidadi bin Sefu, fundi wa magari wa Pasua, ambaye mji mzima ulimwita Sikio. Alikuwa akiinamisha kichwa juu ya injini, akafumba macho, kisha akakuambia ugonjwa wake. Siku tunayoizungumza ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Agosti, mwaka 1952, mnamo saa tisa alasiri.

Mzee Eliufoo alifungua leso juu ya goti lake. Ndani mlikuwa na plagi moja ya injini.

— Hii, alisema, ndiyo inayompandisha mwana wa ndugu yangu treni ya leo.

— Filemon? aliuliza Bi Adija. Anakwenda wapi?

— Tanga. Mashindano ya boti za mbio, keshokutwa Jumamosi. Boti ya yule Mgiriki wa mashamba ya mkonge, Bwana Lambros, imekwisha pakiwa kwenye behewa la mizigo. Filemon ndiye fundi wake. Amekatiwa tikiti ya daraja la pili.

Gadi aliweka kikombe chini.

— Daraja la pili?

— La pili.

— Mimi miaka ishirini na miwili nimefungua mlango wa daraja la pili, nikaufunga, nikabaki nje. Na huyo kijana ataketi?

— Ataketi, alisema Mzee Eliufoo. Kwenye mto wa ngozi.

Plagi ikaanza kupita mkono kwa mkono. Ilipomfikia Mikidadi aliipokea kwa vidole viwili, kama mtu anayepokea mfupa wa samaki, akampitishia Futi bila kuitazama. Wote waliliona hilo.

Kijiwe kizima kilijua kisa chake. Filemon alifundishwa kazi na Mikidadi, miaka saba, chini ya mti wa mfuruanje pale Pasua. Hata namna yake ya kupangusa mikono ilikuwa ya Mikidadi. Na Bwana Lambros alikuwa mteja wa Mikidadi tangu kabla ya vita. Lakini Mgiriki alipoleta boti yake ya mbio katika ziwa Jipe, Mikidadi alisimama majini mpaka magotini, akaisikiliza, akasema iko sawa. Filemon, aliyekuwa ameshika kamba tu, akasema kwa adabu, tuzitazame na plagi. Wakazitazama. Tangu siku hiyo boti ilikimbia zaidi, na malori ya Mgiriki hayakuonekana tena Pasua.

— Sasa tueleze, Mzee, alisema Futi, akiigeuza plagi kwenye jua. Huyu kijana anasoma nini humu? Mimi sioni hata herufi.

— Anasoma rangi. Tazama hii kauri nyeupe ya ndani, inayozunguka ncha. Ikitoka nyeusi kama sufuria ya kupikia mbege, maana yake petroli ni nyingi, hewa ni kidogo; injini inabeba mzigo bure. Ikitoka nyeupe kama chokaa, petroli ni kidogo, moto umekuwa mkali mno. Hapo pistoni inatoboka. Lakini ikitoka hivi...

— Hivi vipi?

— Kama kahawa iliyotiwa maziwa. Hapo injini imeshiba, haikuvimbiwa.

— Nyinyi watu wa mlimani, alisema Bi Adija. Kahawa mnailima, mnaipima, mnaijua mpaka rangi. Kuinywa tu ndiko kumewashinda.

— Tunakunywa, mama. Hapa kwako.

— Hapa kwangu unakunywa maji moto, na sukari yangu.

Wakacheka, isipokuwa mmoja.

— Na kuna siri, Mzee Eliufoo aliendelea. Hairudishi boti ukingoni ndipo aitazame plagi. Akirudi polepole, rangi inabadilika, unasoma uongo. Anaikimbiza kwa mafuta yote mpaka katikati ya ziwa, anaizima palepale ikiwa mbioni, anafungua plagi, anasoma. Kisha wanapiga makasia kurudi.

— Katikati ya Jipe? alisema Gadi. Penye viboko?

— Penye viboko.

— Anazima injini mbele ya kiboko ili atazame rangi ya kauri.

— Ndivyo.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Futi. Ndiyo maana boti ile inakwenda mbio.

Methali za Futi zilikuwa kama nguo alizoshona kwa kukisia: kitambaa kizuri, mwili wa mtu mwingine. Hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Mikidadi alizungumza kwa mara ya kwanza.

— Jicho halisikii, alisema. Injini husema. Hainyamazi ikaandika barua.

— Lakini Sikio, barua hii imekwenda mbio kuliko masikio yako, alisema Gadi. Mgiriki mwenyewe alipima kwa saa.

— Sikio lenyewe siku hizi lina tatizo, alisema Futi. Shikamoo ya Filemon huisikii. Amekuamkia mbele ya duka langu hapa, nikasikia mimi niliyekuwa ndani nakanyaga cherehani.

— Nilikuwa na mawazo.

— Mara moja ni mawazo. Pale sokoni je? Na siku ya tatu, nyumbani kwako?

Mikidadi alikunywa kahawa yake. Hayo yalikuwa kweli, na alijua ni kosa gani. Mtu mzima aweza kumnyima kijana kazi, aweza kumnyima zana; marahaba hamnyimi. Lakini kila mara neno lilipomfika kooni lilikutana na boti ile likarudi.

— Mimi nadhani ni ramli, alisema Futi, akiinua plagi juu. Moto umepita hapa, umeacha alama. Kwani moto haujui? Moto uliokaa na mtu kifuani mwa injini yake safari nzima unajua kila kitu chake. Tukimtia Sikio plagi hii kinywani sasa hivi, tukamwambia apumue, itatoka nyeusi tititi.

Bi Adija alificha uso kwa kanga. Hata Mzee Eliufoo alikohoa kidogo.

— Usiseme ramli mbele yangu, Mashaka, alisema.

— Basi tuseme elimu. Lakini elimu yake haiishi kwenye injini. Lori likitoka hapa kwenda Taveta, plagi imeandika. Nani alipanda njiani, imeandika. Dereva alisimama kwa nani Himo, imeandika.

— Kumbe ndiyo maana pale mpakani huwa wanafungua boneti, alisema Gadi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata jibu la miaka mingi. Mimi nilidhani wanatafuta magendo. Wanasoma.

— Wanasoma. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Na Mgiriki je? alisema Gadi. Ulidhani anamchukua Filemon kwa ajili ya boti? Boti ni kisingizio. Anataka kujua bei ya mkonge ya mwakani. Anachomeka plagi mpya, anazungusha ziwa mara mbili, Filemon anamsomea: mkonge utashuka, uza sasa.

— Hilo la mkonge sikulisikia Masama, alisema Mzee Eliufoo. Lakini nilisikia kwamba aliisoma plagi moja akasema boti ina huzuni.

— Umeona?

— Ilikuwa na maji ndani ya petroli.

— Hiyo ndiyo huzuni yenyewe, alisema Futi, akamrudishia Mzee Eliufoo plagi, naye akaiweka benchini ndani ya leso yake.

Mikidadi aliwaacha wapande na mlima wao wa maneno. Tangu Mzee Eliufoo alipotaja mji wa Tanga, yeye alikuwa akisikia kitu kingine. Kilikuwa kidogo, kikavu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Hakikutoka barabarani. Kilitoka mwaka 1941.

Mwaka huo alikuwa dereva wa malori ya jeshi huko Uhabeshi. Waliteremka kutoka nyanda za juu kwenda pwani, malori arobaini, na kila injini ilikuwa imerekebishwa vizuri kule juu. Walipofika chini, penye joto na bahari, injini zikaanza mlio ule: kokoto ndani ya debe. Kabla ya jioni pistoni tatu zilikuwa zimetoboka. Sajini mmoja mzee ndiye aliyewaonyesha. Hewa ya juu, alisema, ni nyepesi, kama maziwa yaliyotiwa maji. Hewa ya pwani ni nzito, kama maziwa ya asubuhi. Hewa ikizidi uzito, petroli nayo lazima izidi. Wakabadilisha nozeli za kabureta, kile kijitundu kinachopitisha petroli, wakaweka kubwa zaidi, na kokoto zikanyamaza.

Jipe iko chini ya Moshi, lakini iko juu, juu sana, ya Tanga. Injini iliyoshiba kwa hewa ya Jipe ingekufa njaa kwa hewa ya Tanga. Plagi ya rangi ya kahawa na maziwa ingegeuka chokaa katika mzunguko wa pili, labda wa tatu, na pale mbele ya Wazungu na Wagiriki wote pistoni ingetoboka.

Jambo hili hakupata kumfundisha Filemon. Halikuwa choyo, katika miaka saba ya Pasua halikutokea gari moja lililolihitaji. Leo ndipo lilipogeuka kuwa choyo, na Mikidadi alilishika kama mtu anavyoshika sarafu mdomoni sokoni. Alikwisha iona Jumatatu yake. Gari la Bwana Lambros linasimama mbele ya ua wake. Mgiriki anateremka mwenyewe, hakutuma mtu. Anasema, Mikidadi, yule kijana ameniulia injini. Na Mikidadi anapangusa mikono, taratibu, hana haraka. Alikwisha chagua mpaka suruali: kaki ile yenye mikunjo ambayo angempa Futi aitengeneze kiuno kesho.

Kitu kimoja tu kilimharibia Jumatatu hiyo. Kila alipofika kwenye suruali, zile kokoto zilianza upya.

— Sikio, mbona unainamisha kichwa? aliuliza Bi Adija. Unasikiliza nini?

— Hakuna.

— Hakuna gani kunakokutoa jasho?

Wakati huo mwanamke mmoja alipanda kibarazani. Alivaa kitambaa cheupe kichwani, na viatu alivishika mkononi, kwa maana alitembea navyo kutoka Masama na hakutaka kuvichosha. Chini ya kwapa alikuwa na sweta ya sufu ya rangi ya majani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, waliitika.

— Huyu ni Eunike, alisema Mzee Eliufoo akimpisha mahali. Mama yake Filemon. Shemeji, umechelewa. Treni ni saa kumi.

— Sikuchelewa, shemeji. Natoka stesheni. Yuko pale anaifunga boti kwa kamba, ameniambia nipite hapa kwa Futi, niwaulize wazee neno, nirudi nalo.

— Ametuma kutuuliza sisi? alisema Gadi, na kofia yake ilipanda kidogo.

— Wote. Alisema nisimtaje mtu, niulize tu. Hewa ya Tanga ni sawa na hewa ya Jipe?



— Hewa ni hewa, mama, alisema Futi. Mungu hakuikata vipande.

— Tanga ni joto, alisema Gadi. Nimekwenda safari elfu mbili na zaidi. Sweta hiyo ataivua kabla ya Korogwe.

— Na ina chumvi, alisema Mzee Eliufoo. Hewa ya bahari ina chumvi, hilo linajulikana.

Mama Filemon aliwasikiliza mmoja mmoja, kisha akatikisa kichwa.

— Sikuulizwa joto, wala chumvi. Aliniambia hivi: waulize, ina uzito mmoja?

— Uzito wa hewa, alisema Futi. Akashika utepe wake, akautazama, akauachia. Mama, mimi nimepima watu wanene wa mji huu wote. Hewa nani ataipima?

— Mwambie asome plagi, alisema Gadi. Si ndiye msomaji?

— Amesoma. Anasema ya Jipe imesomeka. Tanga hajapata kufika, na huko hapana siku ya kujaribu. Wanafika, boti inateremshwa, wanashindana. Anasema kuna kitu hakijui, na hajui ni kitu gani. Na hiyo plagi, shemeji, alikupa uipitishe hapa?

— Alinisisitiza. Alisema nisiende nayo nyumbani kabla ya kijiweni.

Mikidadi aliitazama leso. Tangu ilipofunguliwa alidhani plagi ile ililetwa ili kumtia kidole machoni.

— Kwa nini asije mwenyewe? aliuliza Bi Adija. Kutoka stesheni hapa ni hatua mia tatu.

Mama Filemon alishusha macho kwenye viatu vyake.

— Alitaka. Lakini anasema yuko mzee mmoja hapa, amemwamkia mara tatu hakuitikiwa. Anaona haya kumwamkia mara ya nne. Asije akamchosha.

Gadi alianza kuchunguza ndani ya kofia yake. Futi alipata uzi wa kuondoa kwenye goti. Mzee Eliufoo alifunga macho kama wakati wa sala. Hapana hata mmoja aliyegeuka kuitazama ncha ya benchi penye msumari, na kwa namna hiyo wote waliionyesha.

Kokoto zilikuwa zikilia sasa kama mvua ya mawe juu ya bati.

— Si moja, alisema Mikidadi.

— Nini, baba?

— Hewa. Si moja. Ya Tanga ni nzito. Alisema akiitazama barabara, kwa sauti ya mtu anayegombana na punda. Rangi aliyoipata ni ya Jipe. Akiondoka na nozeli hiyo hiyo, Tanga plagi zitatoka nyeupe, na pistoni itatoboka kabla hajaifungua plagi kutazama. Kopo la nozeli analo. Achukue iliyo kubwa kwa namba mbili. Aanzie kwenye nyeusi, aje kwenye kahawa. Asianzie kwenye nyeupe. Nyeusi husafishwa, nyeupe hairudi. Umeshika?

Mama Filemon alikuwa mtu wa kujifunza mistari ya Biblia kwa moyo. Aliyarudia yote, neno kwa neno, mpaka na ule ukali wa mwisho.

— Aika, alishukuru kwa Kichaga. Nimwambie kasema nani?



Swali lilikuwa dogo, lakini Mikidadi hakuwa na pa kulishika. Siku nzima, mwezi mzima, alitamani mtu aseme Filemon ni wa Mikidadi. Sasa ameulizwa jina lake, na akilitaja, basi plagi husema, rangi ni kitu, jicho husikia. Na mwanafunzi alikuwa na haki siku ile ndani ya maji ya Jipe. Asipolitaja, boti ikishinda, itakuwa ni ya Filemon peke yake, mpaka na nozeli.

Gadi alivaa kofia yake, akainyoosha, akasafisha koo.

— Mwambie, mama, alianza, kwamba sisi wenye kuijua njia ya Tanga...

— Mwambie marahaba, alisema Mikidadi.

Mama Filemon alibaki amesimama, kama asiyekuwa na hakika kwamba ujumbe umekwisha.

— Mara tatu, alisema Mikidadi.

Mama Filemon alivaa viatu vyake, safari hii, akateremka kuelekea stesheni karibu mbio, sweta ikimpepea chini ya kwapa.

Bi Adija aliinua dele kuwaongezea. Lilitoa tone moja, kisha machicha. Akalikalisha kando ya mkaa na kuanza kuosha vikombe, ingawa Gadi alikuwa bado ameshika chake.

— Kwa hiyo, alisema Futi polepole, hewa ina uzito. Mimi nilishuku siku zote. Suruali za watu wa Tanga huja hapa zimeshuka kiuno.

— Sikio, alisema Gadi, uliyasema wewe mwenyewe. Jicho halisikii.

— Halisikii, alisema Mikidadi.

Treni ikapiga honi. Gadi akatoa saa yake, akasema imechelewa dakika nne na kwamba enzi zake haikuwa hivyo, na yeye, Futi na Mzee Eliufoo wakasimama kwenye ukingo wa kibaraza kutazama moshi ukipita nyuma ya mabohari, wakibishana kama kichwa kinachoonekana kwenye dirisha la daraja la pili ni cha Filemon au ni kofia ya Mhindi.

Mikidadi hakusimama. Kokoto zilikuwa zimenyamaza. Lile jingine, lililomkalia kifuani tangu Jipe, halikunyamaza. Alihakikisha migongo yao yote imemgeukia, na Bi Adija ameinamia vikombe vyake. Kisha akavuta leso ya Mzee Eliufoo, akaishika plagi vizuri, kwa mkono mzima, akaielekeza kwenye jua na kuitazama.

Aliitazama kwa muda mrefu, akiigeuza huku na huku, akitafuta kosa. Rangi ilikuwa imeenea sawasawa mpaka ndani kabisa, kahawa na maziwa, bila doa. Hata yeye asingeipata nzuri kuliko hiyo, na ni hilo lililomuuma kuliko yote.